Mlio Mmoja wa Simu ya Tongaren

Mama Wekesa alinipigia kuniambia kwamba anahama. Mwanawe amemjengea chumba Eldoret, magoti yake hayawezi tena zile ngazi za jikoni kule Tongaren, na vitu vya nyumba vinagawanywa. "Wajukuu wamechukua makochi, redio imeenda," alisema. "Lakini hii sanduku ya simu hakuna mtu anajua ni ya nini. Mmoja ameniuliza kama ni ya kufugia sungura. Wewe kuja uchukue." Nilienda Jumamosi iliyofuata. Sebule ilikuwa karibu tupu, kuta zikiwa na alama nyeupe mahali palipokuwa na picha, na katikati ya sakafu, juu ya stuli, lilikuwa lile sanduku la mbao za msaipresi, kufuli lake bado limening'inia, wazi. Nililishika kabla sijamsalimia Mama vizuri. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Vidole vyangu vilienda moja kwa moja kwenye kile kitundu cha nyuma ambapo waya uliingilia, kama vilivyokitafuta mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini.

Mwaka ule niliishi Kitale, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la Bwana Karanja, na niliishi kwa hofu. Hakuna aliyenitisha. Hofu ilikuwa yangu mwenyewe, nilikuja nayo. Nilikuwa nimejifunza kompyuta bila mwalimu, kwa kusoma vitabu vya maelekezo vilivyokuja ndani ya maboksi ya mashine, na mtu aliyejifunza hivyo hajui ni kitu gani ambacho hakijui. Kwa hiyo nilikagua kila kitu mara mbili, kisha mara nyingine kwa sababu sikuwa na hakika kama ile ya pili nilikuwa makini. Nilikuwa naamka kitandani kwenda kugusa plagi. Bwana Karanja, ambaye familia yake ilitoka Nyeri ikanunua shamba nje ya Kitale kabla hajazaliwa, alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, asiyependa kueleza kitu mara mbili. Duka lake liliuza betri, kalamu na vitabu vya shule upande wa mbele, na upande wa nyuma, kwenye rafu aliyopigilia mwenyewe, kulikuwa na modemu zilizowaka taa nyekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa intaneti ya Kitale, au sehemu yake. Mtu wa mjini alipiga namba yetu kwa kompyuta yake, modemu ikajibu kwa ule ukelele wake, na barua pepe zikaanza kutambaa. Saa ya chakula tulikula githeri kwenye sufuria moja, yeye amekaa kwenye kreti ya soda, mimi nimesimama ili niweze kuziona zile taa.

"Kaa chini," alikuwa akiniambia. "Hizo taa hazitatoroka."

"Naziangalia tu, boss."

"Unaangalia kama mtu ameacha maziwa kwa moto."

Shida yetu ilikuwa Bungoma. Kule kulikuwa na watu waliotaka huduma, hasa chama kimoja cha wakulima wa upande wa Mabanga waliotaka kuandikiana na wanunuzi wa mbegu, lakini kupiga simu kutoka Bungoma hadi Kitale kulihesabiwa kuwa simu ya mbali. Mtu angekaa kwenye intaneti muda wa kunywa chai tu, bili yake ingemtoa machozi. Jawabu lilikuja tukiwa tunakula. Bwana Karanja alisema, akiwa na mdomo umejaa, kwamba Tongaren iko katikati, na kwamba ukiwa Tongaren unapiga Kitale kama simu ya karibu na unapiga Bungoma kama simu ya karibu. Nikaacha kijiko. Nilikuwa nimesoma kwenye kijitabu cha shirika la simu kwamba mtu anaweza kuelekeza simu zake: anabonyeza nyota na tarakimu fulani na namba nyingine, na tangu hapo kila anayempigia anapelekwa kwenye namba ile nyingine bila kujua. Tukipata mtu mwenye simu Tongaren, akaielekeza kwetu, kompyuta ya Bungoma ingepiga Tongaren, na Tongaren ingeisukuma hadi Kitale. Simu mbili za karibu zilizofungwa pamoja. Karanja angelipia kile kipande cha Tongaren hadi Kitale. "Hii kitu ikifanya kazi," alisema, "duka la Bungoma nitakupatia wewe uliendeshe. Ufunguo kwa mkono wako." Sikulala vizuri tena mwaka ule.

Mwenye simu alikuwa Mzee Barasa, mume wa Mama Wekesa, mwalimu mkuu aliyestaafu, mkulima wa mahindi. Waya wa simu ulikuwa umefika kwake tangu zamani za kazi, na yeye aliilinda simu ile kama watu wengi wa rika lake walivyolinda simu zao: ndani ya sanduku lenye kufuli, ili wageni na watoto wasipige ovyo. Sanduku alilichonga mwenyewe, bawaba zikiwa ndani, misumari imezamishwa na kuzibwa kwa gundi na unga wa mbao hadi huoni kiungo. Mimi nililipenda mara moja. Lilikuwa kazi ya mtu kama mimi. Tulikubaliana kwamba kila asubuhi baada ya chai atabonyeza zile tarakimu, na jioni atazifuta, ili mwanawe Wekesa, aliyefanya kazi Eldoret, aweze kuwapata. Mzee alifurahia jukumu lile kupita kiasi. Alivaa miwani, akafungua sanduku, akabonyeza taratibu akitamka kila tarakimu, akasikiliza ile sauti ya kukubali, akafunga kufuli, ufunguo ukaingia mfuko wa suruali. Mama Wekesa alimwambia, "Si uniachie hiyo funguo siku moja nione kama simu itakufa." Naye akajibu, "Simu haina shida. Shida ni dada zako."

Kitu kimoja kilimsumbua Mama. Simu ikielekezwa, hailii kama kawaida. Kila mtu anapopiga, inatoa mlio mmoja mfupi, kama kijiko kilichogonga kikombe, kisha kimya, kwa sababu mpigaji ameshapelekwa kwingine. "Inaniita halafu inakataa kuongea," alisema. "Hiyo ni ugonjwa gani?" Nilimweleza kwamba ule mlio ni salamu tu ya mtu anayepita njiani. Alicheka, lakini niliona kwamba kila ulipotokea, aliacha alichokuwa akifanya na kugeuza kichwa.

Majaribio ya wiki kadhaa yalikwenda vyema. Simiyu, kijana wetu wa Bungoma, alikuwa akinitumia barua pepe zenye neno moja tu, "Niaje," na mimi nilizihesabu kuwa ushindi. Basi siku ikapangwa. Jumamosi, wale wakulima wa Mabanga wangekuja kwenye chumba tulichokodi Bungoma, wangekalishwa, wangepewa soda, na mbele ya macho yao barua ingetumwa na jibu lingerudi. Wakiridhika, wangetia sahihi, na duka lingefunguliwa. Nilitakiwa niwe Kitale. Niliomba niende Tongaren badala yake, nikae karibu na sanduku, kwa sababu wazo la mtu kuzifuta zile tarakimu wakati usiofaa lilikuwa linanila. Karanja alisema, "Nenda, bora usikae hapa ukinipumulia shingoni."

Nilipofika asubuhi ile nilikuta wanawake watatu wa jirani jikoni na jiko limewaka, na nyumba yenye jiko linalowaka na watu wasiocheka unaijua kabla hujaambiwa. Mzee alikuwa ameshikwa na tumbo siku iliyotangulia, adhuhuri. Jirani alimbeba kwa pikapu hadi hospitali kubwa Eldoret, Wekesa akawapokea huko. Utumbo umejifunga, walisema, na asubuhi hii angepasuliwa. Wekesa alimrudisha jirani na neno moja: madaktari wakimaliza, nitapiga nyumbani. Mama aliniambia yote haya amesimama, huku akinimiminia chai, bila kumwaga hata tone. Kisha kutoka sebuleni tukasikia kile kijiko kikigonga kikombe. Tin. Kimya. Mama akaweka birika chini.

"Imekuwa ikifanya hivyo tangu kupambazuke," alisema. "Ni Wekesa?"

Nilielewa nikiwa bado nimeshika kikombe. Mzee alibonyeza zile tarakimu jana asubuhi kama kawaida, akafunga sanduku kama kawaida, na hakuwepo jioni kuzifuta. Simu ya nyumba ile ilikuwa bado imeelekezwa Kitale. Kama ni Wekesa aliyekuwa akipiga, alikuwa akipata ukelele wa modemu masikioni, au laini inayotumika. Nilimuuliza Mama ufunguo uko wapi, nikijua jibu. "Kwa suruali," alisema. "Na suruali imeenda Eldoret."

Kukata waya kusingesaidia, kwa sababu lile agizo halikukaa ndani ya nyumba, lilikaa kwenye mitambo ya shirika la simu. Ilibidi tuifikie simu yenyewe. Nilipiga magoti mbele ya sanduku na bisibisi yangu, nikazunguka pande zote, na ile kazi nzuri niliyoipenda haikunipa hata ufa. Mmoja wa wale wanawake akasema, "Si panga liko pale. Ni mbao tu." Mama alikuja akasimama kati yangu na sanduku. Hakupaza sauti. "Mzee yuko kwa meza ya daktari," alisema. "Nikianza kuvunja vitu vyake sasa hivi, nitakuwa nafanya nini? Nitakuwa nimeanza kuvigawa. Hapana. Hiyo ataifungua mwenyewe." Mwanamke wa panga alirudi jikoni, na nikamsikia akinong'ona, "Ameanza kuogopa," na mwenzake, "Hata wewe ungeogopa."

Nitasema nilichofanya baada ya hapo. Nilikaa. Nilikaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, na sahani ya viazi vitamu magotini, na nikasikiliza. Kila mlio ulipotokea, Mama alinitazama kana kwamba mimi ninajua, na mimi nilijipa matumaini kwamba ni Simiyu anajaribu laini kabla wageni hawajaketi. Kulikuwa na njia. Nilikuwa nimeiona mara tu nilipoinuka sakafuni. Ile simu ya Wekesa haikuwa ikipotea hewani. Ilikuwa inafika mahali, inafika kwenye rafu ya Bwana Karanja, na kama mtu angechomoa modemu, akachomeka simu ya kawaida na kuinua mkono, angeongea naye. Lakini kuchomoa modemu ile asubuhi ile kulikuwa ni kuwaambia watu wa Mabanga wamalize soda waende nyumbani. Nilipima hayo mawili, na nilipoona kwamba ninayapima, nilikirudisha kiazi kwenye sahani. Tin. Mama akasema, polepole, si kwangu, "Mtoto anapiga. Anapiga na mimi niko hapa." Niliweka sahani chini nikatoka.

Kibanda cha simu kilikuwa sokoni, nje ya posta, na posta yenyewe ilikuwa imefungwa. Kwanza nilipiga hospitali. Ilikuwa inatumika, ikatumika tena, halafu ikalia bila kujibiwa. Nyuma yangu mwanamume mwenye gunia la vitunguu alisema, "Dada, hiyo simu ni ya baba yako?" Nikapiga namba ya pili ya duka, ile ya kuongea.

"Naliaka, uko wapi?" Karanja alisema. "Simiyu ameniambia wageni wameingia. Hata mwenyekiti amekuja na tai."

"Boss, chomoa modemu ya laini ya Tongaren. Weka simu ya kawaida. Ikilia, jibu kwa mdomo."

"Rudia," alisema.

Nilimweleza, vibaya, nikianzia katikati, suruali, ufunguo, tumbo la Mzee. Nilisikia mteja akimuuliza bei ya kalamu, naye hakumjibu.

"Hawa watu wametoka shambani kuja kuona kitu moja tu," alisema. "Hawatarudi mara ya pili. Unajua hiyo?"

"Najua."

"Na Bungoma ilikuwa yako. Si yangu. Yako. Unajua hiyo pia."

"Najua, boss."

"Basi nipe muda nimpigie Simiyu aache kupiga," alisema, na akakata.

Nilimpisha mtu wa vitunguu. Nilimpisha na mwanamke aliyetaka kumgombeza shemeji yake wa Lwakhakha, naye alimgombeza kwa kirefu. Nilisimama juani nikikuna kidole gumba mpaka kikatoka damu. Nilipopiga tena, Karanja alijibu kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Unajua mimi siwezi kuwapigia nyinyi?" alisema. "Nina habari yenu hapa, nikipiga Tongaren najipigia mwenyewe. Nimebaki nimekaa nayo kama yai."

"Habari gani?"

"Ya kwanza ilikuwa mashine ya Bungoma, imenipigia kelele kwa sikio. Ya pili ni mtu. Ananiuliza mimi ni nani kwa nyumba ya baba yake. Mimi namuuliza yeye ni nani. Tumesumbuana kidogo. Tangu asubuhi anasikia nyuki tu."

"Boss."

"Sikiza. Amesema hivi. Baba ametoka kwa operesheni. Ameamka. Amepewa maji, kijiko kimoja. Na ameuliza kama kuna mtu amevunja sanduku."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakulalamika.

Kutoka sokoni hadi nyumbani kwa Mzee Barasa kulikuwa na njia iliyonyooka kati ya mashamba ya mahindi, ikipita kwenye ua wa misaipresi wa shule. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilitembea, kwa sababu nilikuwa nimebeba maneno ya mtu na niliogopa kuyamwaga. Ametoka kwa operesheni, ameamka, maji kijiko kimoja. Niliposhindwa kukumbuka kama maji yalikuja kabla ya kuamka au baada, nilisimama nikaanza upya, ingawa akili yoyote timamu ingejua kwamba mtu hanywi maji akiwa amelala. Nilitaka Mama ayapate kama yalivyotoka kinywani mwa Wekesa, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa amesimama kwenye fensi, mikono imeshika waya. Nilimfikia nikayasema yote kwa mpangilio. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Ni maji tu? Si chai?" Kisha akaingia jikoni, akawafukuza wale wanawake kwenye jiko lake, akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Watu wa Mabanga hawakurudi. Simiyu aliniambia mwenyekiti alisema kwa upole kwamba hata simu ya kawaida humpa shida, na akabeba soda ya mkewe. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ilileta namba moja iliyohesabiwa kuwa simu ya karibu nchi nzima, na ujanja wetu wa Tongaren haukuhitajika tena na mtu yeyote. Nilibaki Kitale. Bwana Karanja hakuwahi kuitaja ile siku, ila kila tulipokula githeri aliacha kuniambia nikae chini. Mzee alirudi kutoka hospitali mwezi uleule, amekonda, akafungua sanduku lake mwenyewe mbele yetu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuchongesha ufunguo wa pili na kumfungia Mama kwenye ncha ya leso.

Haya yote nilikuwa nayakumbuka nimechuchumaa pale sebuleni mwezi uliopita, nimeliteremsha sanduku tupu sakafuni, nikilifungua na kulifunga, hadi Mama aliponiletea chai kwenye kikombe cha mwisho kilichobaki. Nilimwambia kwamba ile siku bado inanijia, kwamba nilikaa kwenye kochi lake nikila viazi wakati nilijua la kufanya. Alitikisa mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Hiyo ya viazi sikuiona," alisema. "Mimi niliona ya barabarani. Nilikuona kutoka kwa ile misaipresi ya shule. Unatembea, unasimama. Unatembea, unasimama, mdomo unacheza. Nikasema, huyu mtoto anatafuta vile ataniambia. Basi nikamlilia Mzee hapo kwa fensi. Nikamlilia nikamaliza. Ulipofika na kijiko chako ya maji, mimi nilikuwa nimeshamzika."

Nikashindwa kumtazama.

"Sasa alipoenda kweli, juzi hii, watu wa kanisa wanashangaa, ati Mama Wekesa halii. Wanasema nimekuwa mgumu." Akaketi taratibu kwenye stuli, akalisogeza sanduku kwa mguu upande wangu. "Alinipatia hiyo miaka yote hapo katikati, na mimi nilikuwa nimemaliza kulia. Ilikuwa raha."

Nilitaka kumjibu. Nilitafuta neno la kuanzia, nikalibadilisha, nikaanza tena kichwani, na nilipoinua macho nikaona ananitazama midomo.

"Kunywa chai," alisema.